Vichwa Tisa Ndani ya Friji

Shangazi alifungua mlango wa friji kutafuta maziwa ya chai, akainama, kisha akabaki ameinama kwa muda mrefu kuliko ule unaohitajika kuona pakiti ya maziwa. Mimi nilikuwa kwenye sinki nikiosha mchele. Nilipogeuka, nilimwona anautazama mfuko wa kaki uliokuwa kwenye rafu ya kati, ule niliokuwa nimeuandika kwa kalamu nyekundu na kwa herufi kubwa: USIGUSE. Hakuugusa. Alitoa maziwa, akaufunga mlango polepole, akarudi kwenye kiti chake.

Dakika ishirini kabla ya hapo alikuwa ameniomba kitunguu saumu cha pilau. Nilimpa vichwa vinne vidogo vilivyokuwa kwenye kikapu, vilivyokauka na kunywea, punje zake nyembamba kama mbegu za boga. "Hivi ndivyo vilivyobaki, Shangazi," nilimwambia.

Haikuwa kweli.

Ndani ya ule mfuko mlikuwa na vichwa tisa, vikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuvuna katika kiwanja chetu hapa mtaa wa Utawala, Nairobi. Na huyu niliyemnyima alikuwa amefika Alhamisi kutoka Molo, kule kwenye baridi ya nyanda za juu, amekuja kliniki ya macho, akiwa na nusu gunia la viazi na kabeji nne. Viazi vile kila kimoja kilijaa kiganja. Yeye hakutuchagulia vidogo.

Hiyo ilikuwa katikati ya Machi 2025, na kwa wiki tano zilizofuata sikuweza kuingia jikoni bila kuukumbuka mgongo wake ulioinama mbele ya friji.

Tulivyokula mbegu bila kujua

Ili ieleweke kwa nini mtu mzima alificha vitunguu, ni lazima nirudi nyuma hadi Machi 2023, nilipopanda kitunguu saumu kwa mara ya kwanza. Nilinunua vichwa vitatu kwa mama mboga wa mtaani, vile vyeupe na safi ambavyo sehemu ya mizizi imenyolewa ikawa laini kama kisigino cha mtoto. Takribani robo tatu ya kitunguu saumu chote kinachovunwa duniani hutoka China, na hivi navyo vilikuwa vimetoka huko. Nilivibandua nikapata punje 31, nikazipanda kando ya sukuma wiki, nikazifunika kwa samadi ya mbuzi iliyooza vizuri.

Ziliota zote. Majani yalisimama, yakawa ya kijani iliyokolea, na kila jirani aliyepita alisifu. Sasa najua kwamba majani ya kitunguu saumu yanaweza kumdanganya mkulima kwa miezi mitano mfululizo.

Katikati ya Agosti niling'oa mche wa kwanza. Chini yake palikuwa na kitu cha mviringo, cheupe, kikubwa kidogo kuliko gololi, kisicho na mfereji wala mgawanyiko wowote. Nilikiweka juu ya ubao nikakikata katikati. Ndani mlikuwa na nyama moja nzima iliyozunguka chipukizi la kijani. Hapakuwa na punje. Niling'oa wa pili, wa tatu, wa kumi, na vyote vilikuwa vivyo hivyo. Kati ya 31, tisa zilikuwa zimeoza ardhini na 22 zilikuwa gololi.

Nililaumu udongo kwanza, kwa sababu udongo wa huku ni rahisi kuulaumu. Ni ule mweusi wa mfinyanzi, ambao mvua ikinyesha hushika kiatu hadi kukivua, na jua likiwaka hupasuka nyufa zinazoingiza mkono. Kisha nililaumu samadi. Baadaye, nilipoanza kusoma na kuuliza wakulima, nilitambua kwamba udongo ulihusika na zile tisa zilizooza tu, na kwamba zile 22 zilikuwa zimekosa kitu ambacho hakipatikani katika kiwanja chochote cha Nairobi.

Zilikosa baridi ya kutosha.

Asili ya kitunguu saumu ni Asia ya Kati, katika nchi za milima ambako mmea hukaa ardhini kipindi kizima cha baridi kali kabla ya kuamka. Majuma hayo ya baridi ndiyo yanayoliamuru chipukizi lililo ndani ya punje ligawanyike liwe punje nyingi, na baadaye mchana unaorefuka ndio unaoziamuru punje hizo zijae. Hapa kwetu, karibu na ikweta, mchana ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima, na tofauti kati ya mchana mrefu zaidi na mfupi zaidi haizidi sana dakika kumi. Ile baridi ya Julai inayotufanya tuvae makoti huja usiku na kuondoka saa nne asubuhi. Aina iliyozoea nchi za kaskazini husubiri amri mbili, na hapa haipati hata moja. Huota, hula, hunenepa kidogo, kisha hulala ikiwa punje moja.

Lakini jambo lililoniuma zaidi nililijua nikiwa nimechelewa. Kile kichwa cha punje moja ni mmea mzima uliosimama katikati ya safari, na kikitunzwa, kikapata baridi na kupandwa tena, huweza kutoa kichwa kamili chenye punje. Nilikuwa nimeshika mikononi mbegu 22. Nilipolisoma jambo hilo ilikuwa Oktoba, na tulikuwa tumeshazipika zote.

Nadhani kule kuficha kulianzia hapo, mwaka mmoja na nusu kabla Shangazi hajafika.

Baridi ya kununua

Februari 2024 nilikwenda soko la Marikiti alfajiri na kumtafuta mama ambaye vitunguu saumu vyake vilikuwa bado na mizizi. Vilikuwa vidogo kuliko vile vyeupe, ganda lake lina michirizi ya zambarau, na udongo ulikuwa umeganda kwenye ndevu zake. Aliniambia vinatoka Timau, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya. Sikuwa na njia ya kuthibitisha, ila mmea ambao umekuwa ukizaa karibu na ikweta kizazi baada ya kizazi una sababu ya kuzaa tena karibu na ikweta, na hiyo ilinitosha.

Nilinunua kilo moja, nikachagua vichwa vinane vikubwa, nikaviweka ndani ya mfuko wa karatasi katika rafu ya kati ya friji tangu 10 Machi hadi mwisho wa Aprili. Huo ni muda wa wiki saba. Mfuko wa plastiki haufai kwa sababu huzuia unyevu kutoka na kuvu huingia. Vichwa havibanduliwi hadi siku ya kupanda au jioni ya kuamkia siku hiyo, kwa maana punje iliyotenganishwa huanza kukauka mara moja. Wala muda wa baridi haupaswi kuzidi sana, kwani punje iliyokaa humo kupita kiasi huweza kutoa kichwa kilichovurugika, chenye vichipukizi vinavyotokeza kila upande.

Nilikuwa na hofu moja ambayo haikuniacha. Mbegu ya sokoni huja na magonjwa yake, na kuna uozo mweupe wa jamii ya vitunguu ambao ukiingia ardhini huacha chembe ndogo nyeusi zinazoweza kuishi humo miaka ishirini na zaidi bila kuwa na kitunguu cha kula. Nilizipindua punje moja moja chini ya taa kwa usiku mzima, nikitafuta doa lolote kwenye kitako. Zile zenye shaka nilizipika. Zile nyembamba za katikati ya kichwa nilizipika pia, kwa kuwa punje ndogo huzaa kichwa kidogo. Zilibaki 60.

Kwa udongo wetu, nililazimika kuinua matuta. Tulinunua udongo mwekundu wa lori, ule unaochimbwa kwenye misingi ya majengo, tukauchanganya na mboji na samadi, tukajenga matuta mawili yenye kimo cha sentimita 30. Nilipanda 29 Aprili, ncha ikitazama juu, kina cha vidole viwili, nafasi ya shubiri moja ndogo kati ya punje na punje.

Wasomaji wa Nairobi hawahitaji kuelezwa jinsi mvua ilivyokuwa mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei mwaka huo. Watu walipoteza jamaa na nyumba, na kusikitikia tuta la vitunguu wakati kama ule kulinitia haya. Tuta la chini, lililokuwa karibu na lango, lilikaa ndani ya maji siku tano. Nilipoingiza kidole kwenye tope lake, punje zilikuwa zimegeuka uji wenye harufu ya kiberiti. Zote 20 zilikwisha. Tuta la juu lilibaki na punje 40.

Kuanzia Juni sikuzinyima maji wala sikuzilewesha. Nilipalilia kwa mkono, kwa sababu mmea huu una mizizi mifupi na majani membamba yasiyoweza kulifunika gugu, na jembe hukata kisichopaswa kukatwa. Miche kadhaa iliniharibikia kwa wadudu wadogo wanaojificha kwenye makwapa ya majani na kuyaacha na michirizi ya fedha.

Mengine ya miezi hiyo ni kungoja.

Siku ya kung'oa

Ugumu wa kitunguu saumu ni kwamba kitu unachokitafuta kiko gizani, na unalazimika kukihukumu kwa majani. Nimeshasema majani yalivyonidanganya mwaka wa kwanza. Basi Agosti 2024 ilipofika, na majani ya chini yalipoanza kugeuka rangi ya majani makavu, sikulala vizuri.

Jirani yetu, mzee aliyelima vitunguu maji kwa miaka mingi kabla ya kuhamia mjini, alinishauri ningoje hadi majani yote yaanguke. Ni ushauri wa mtu anayejua kazi yake, na kwa vitunguu maji ni sahihi. Lakini nilikuwa nimeanza kuuelewa mwili wa mmea huu kwa njia nyingine. Kila jani la kitunguu saumu halikomei shingoni. Linateremka hadi chini na kukizunguka kichwa, likawa tabaka moja la lile ganda jembamba tunalolimenya. Jani likikauka juu, tabaka lake chini ya ardhi nalo huanza kuoza. Kwa hiyo mche wenye majani sita ya kijani una kichwa chenye nguo sita, na mche uliokauka wote una kichwa kilicho uchi ndani ya udongo wenye unyevu.

Tatizo ni kwamba majani hayohayo ya kijani ndiyo yanayokilisha kichwa. Ukiwahi, kichwa hakijajaa. Ukichelewa, kinapasuka. Kati ya hayo mawili kuna siku kama kumi, na hakuna kengele inayolia.

Niliacha kumwagilia katikati ya Agosti. Tarehe 24 nilichimba mche mmoja wa majaribio na kukikata kichwa kwa upana. Punje zilikuwepo.

Niliketi chini pale pale kwenye njia ya matuta.

Zilikuwa nane, zimepangwa kuizunguka shina kama watoto wanaocheza, lakini zilikuwa bado zimebanwa, ganda kati yake likiwa nene na lenye maji, ambayo ni dalili kwamba kichwa kingali kinakua. Nilifukia shimo nikarudi ndani. Tarehe 1 Septemba nilichimba mwingine. Safari hii ganda lilikuwa limekonda kama karatasi, punje zimejaa hadi kusukuma nje na kuonyesha mabega yake, na majani matano yalikuwa bado ya kijani. Niliamua kwamba ni Jumamosi inayofuata.

Tarehe 7 Septemba niliamka kabla ya watoto. Sikuvuta majani, kwani shingo hukatika na kuliacha tunda ardhini. Nilichomeka jembe uma nusu futi kutoka kwenye mstari, nikalitikisa hadi udongo ukalegea, kisha nikapeleka mkono chini na kukiinua kichwa kama mtu anayechukua yai chini ya kuku. Udongo mwekundu uling'ang'ania kwenye mizizi. Niliukung'uta kwa vidole, sikuosha, wala sikugonga kichwa kwa kichwa, maana kitunguu saumu kibichi huchubuka kama embe na doa hilo huoza baadaye ghalani.

Niliiacha miche miwili ardhini kwa makusudi, ili ushauri wa mzee nao upate haki yake. Baada ya wiki mbili niliichimba. Maganda yalikuwa yameoza na punje zilikuwa zimeachana, zimelala kwenye udongo kila moja kivyake, nzuri kwa kupika siku hiyohiyo na zisizofaa kuwekwa. Nilimpelekea mzee, naye alizigeuza mkononi kwa muda mrefu, akasema kwamba basi huyu si ndugu wa kitunguu maji kama alivyodhani.

Nilivyovuna Jumamosi ile, nilivifunga mafungu na kuvitundika barazani, kivulini, mahali upepo unapopita, majani yake yakiwa bado yameshikamana navyo. Baada ya wiki tatu shingo zilikuwa zimekauka kabisa. Nikakata majani, nikapunguza mizizi, nikahesabu vichwa 32.

Tisa kati ya thelathini na mbili

Niliwapanga mezani kwa ukubwa. Tisa walijitenga wenyewe.

Naona nimeandika "niliwapanga", kana kwamba ni watu, na nitaliacha neno hilo hapo kwa sababu ndivyo nilivyohisi usiku ule.

Kitunguu saumu tunachokilima hakitoi mbegu ya kupanda. Hakuna pakiti ya dukani. Anayekipanda anapanda kipande cha mmea uleule, ambao nao ulikuwa kipande cha mwingine, kurudi nyuma maelfu ya miaka, na kila kichwa kilichopo leo kipo kwa sababu katika kila msimu wa mnyororo huo kulikuwa na mtu aliyetamani kukila na hakukila. Kaburi la Tutankhamun lilipofunguliwa huko Misri mwaka wa 1922, miongoni mwa dhahabu na samani mlikutwa vichwa vya kitunguu saumu vilivyokauka, vyenye umri wa zaidi ya miaka 3,000. Nimewafikiria mara nyingi wale waliovitoa. Walivitoa kwa mfalme aliyekufa, nami nilishindwa kumtolea shangazi yangu aliye hai.

Hesabu yenyewe ni fupi na haina huruma. Vichwa tisa vikubwa ni punje kama 80, na punje 80 ni vichwa 80, navyo vikiwa vikubwa zaidi kwa kuwa vimetoka kwa wakubwa. Ukila wakubwa na kupanda wadogo, baada ya misimu michache unabaki na shamba la wadogo. Mkulima wa kitunguu saumu hujinyima kilicho bora na kula kilichobaki. (Kwa ajili ya wanaoniuliza: jina hili halihusiani na saumu ya kufunga. Limetoka kwa *thum* ya Kiarabu, na watu wa Mombasa wamelitunza vizuri zaidi kuliko sisi wanaposema kitunguu thomu. Lakini nakiri kwamba tangu Septemba ile masikio yangu huyasikia yote mawili pamoja.)

Hadi Februari vile tisa vilining'inia jikoni, mahali pa joto na pakavu, kwa sababu baridi ikija mapema huviamsha kabla ya wakati. Vile vingine 23 tulivila na kuvigawa. Tarehe 3 Machi nilivishusha vile tisa, nikaviingiza frijini, na kwa kuwa watoto hawawezi kuona mfuko bila kuufungua, niliandika USIGUSE.

Kisha Shangazi akaja.

Kilichonisumbua katika wiki zile tano ni kucha zake. Alizimenya zile punje nyembamba moja moja, kwa subira, akiingiza ukucha wa dole gumba chini ya ganda lililokauka na kugandamana, na kila punje aliyomaliza ilikuwa ndogo kuliko juhudi aliyoitumia. Aliziponda kwenye kinu. Punje nzima hainuki. Harufu huzaliwa pale chembe zake zinapovunjwa na vitu viwili vilivyokuwa vimetengwa ndani yake vinapokutana na kutengeneza alisini, ambayo Wamarekani Cavallito na Bailey waliitenga maabarani mwaka wa 1944. Hata zile punje za kunywea zilinuka vizuri. Pilau ilikuwa nzuri. Shangazi alikula kidogo, alinyamaza sana, na Jumatatu alirudi Molo.

Nilikuwa na hakika kwamba ameona, ameelewa, na amenisamehe bila kusema. Hicho ndicho sikuweza kukivumilia.

Jumatatu ya Pasaka

Nilimpigia simu tarehe 21 Aprili, siku tano kabla ya kupanda. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu. Nilisalimia, nikauliza macho, nikauliza ng'ombe, kisha nikasema, "Shangazi, ule mfuko uliouona kwenye friji."

Hakuningoja nimalize. "Nimekuwa nikiomba kila siku, mwanangu," alisema. "Niambie tu. Ni wewe ama ni Baba Neema?"

Sikumwelewa.

Ilichukua muda kufahamiana. Jirani yake wa Molo ana ugonjwa wa kisukari, na dawa yake ya sindano hutunzwa kwenye friji ya duka moja pale kituoni, ndani ya mfuko wa karatasi, umeandikwa kwamba usiguswe. Shangazi alikuwa ameona mfuko kama ule nyumbani kwangu. Alikuwa pia ameuona uso wangu nilipogeuka kutoka kwenye sinki. Akahitimisha kwamba kuna mgonjwa ndani ya nyumba na kwamba tumeamua kumficha. Hakutaka kuuliza mbele ya watoto. Kwa hiyo alirudi Molo na mzigo huo, na kwa wiki tano, wakati mimi nilipokuwa nikiona haya kwa sababu ya vitunguu, yeye alikuwa akiamka usiku kuuombea uhai wa mume wangu.

Nilimwambia ukweli wote. Kwa upande wa pili nilisikia kuku, na mlango wa bati ukipigwa na upepo.

"Vilikuwa vingapi?" aliuliza.

"Tisa."

"Na ukaniambia vimeisha."

"Ndiyo, Shangazi."

Alinyamaza tena, kisha akaniambia habari za mama yake, yaani nyanya yangu, ambaye sikubahatika kumjua vizuri. Mahindi ya mbegu aliyafunga kwa maganda yake na kuyatundika jikoni juu ya meko, mahali moshi unapoyafukuza mabuu na fukusi. Mwaka wa 1984, mvua ilipokataa, walikula mahindi ya njano yaliyoletwa kutoka nje ya nchi, na yale ya mbegu yakiwa juu ya vichwa vyao, meusi kwa masizi. "Wageni walikuja pia mwaka ule," alisema. "Walikula ya njano pamoja na sisi. Wakiinua macho wanayaona yale mengine, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu yalikuwa hapo, kila mtu anayaona. Ungeniambia, 'Shangazi, hii ni mbegu.' Ningemenya hivyo vidogo nikiimba."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejiandaa kutetea kule kunyima, naye hakukugusa kabisa. Kwa wiki tano nilikuwa nimekaa kwenye mizani nikipima mgeni upande mmoja na mbegu upande wa pili, na yeye alikuwa anazungumza kuhusu mfuko uliofungwa.

Halafu akauliza mbona mbegu iwekwe kwenye baridi badala ya moshi, nikamweleza habari za wiki saba, za punje inayosubiri amri. Alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa hiyo baridi mnainunua kwa stima?" alisema. "Huku kwetu iko bure."

Punje kumi na mbili

Tarehe 26 Aprili nilibandua vichwa vyote tisa juu ya meza, watoto wakitazama. Nilipata punje nzuri 78. Nilitenga kumi na mbili, na nilizichagua kwa mkono uliokuwa ukitaka kuchagua nyingine. Nazo zilikuwa kubwa kuliko zote. Nilizifunga kwenye gazeti, nikaandika MBEGU, nikazipeleka mjini kwenye stendi ya magari ya Molo.

Sijui vizuri jinsi zitakavyofanya huko. Baridi ya usiku ipo, tena ya kutosha, lakini Molo mvua huendelea hadi Agosti, wakati ambapo hapa Utawala vumbi limeshatawala, na kitunguu saumu kinachokomaa kwenye unyevu huota kutu ya rangi ya chungwa kwenye majani na huoza kitako. Nilimshauri ainue tuta na asizipande karibu na mahali palipokuwa na vitunguu. Alisema atazipanda kwenye mteremko nyuma ya zizi, mahali maji hayasimami, na nilitambua kwamba analijua shamba lake kuliko ninavyolijua langu.

Hapa kwangu nilikuwa nimeshachoma mashimo 78 kwa kijiti kabla sijaamua. Upande wa mwisho wa tuta kuna mashimo kumi na mawili yasiyo na kitu. Mume wangu alitaka kuyatia dania, nikamwomba ayaache kwanza.

Leo ni katikati ya Mei, na punje zangu 66 zimeota zote isipokuwa tatu. Jana jioni Shangazi alipiga simu. Alisema zake zimetoka kumi na moja, na ya kumi na mbili imefukuliwa na kuku, akaiona juu ya udongo ikiwa bado ina uhai, akairudisha, akaiwekea kikapu juu.